Shaba Iliyopungua Mita Tatu

Mwaka ule wa 1977 mimi ndiye niliyekuwa na akili kuliko watu wote wa parokia yetu. Hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe. Nilifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Shuleni niliitwa citoyen Cirimwami, yaani raia Cirimwami, kwa sababu serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Kanisani, ambako Padri Edouard hakuogopa marufuku ya mtu, niliitwa Barthélemy. Majina mawili, kichwa kimoja kikubwa.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la matofali na mabati, kwenye mteremko juu ya mtaa wa Nguba, ziwa likionekana lote chini yake. Kengele ya kweli hatukuwa nayo. Tulikuwa na janti, lile gurudumu la chuma la lori, limening'inizwa kwa waya kwenye nguzo ya chuma hatua moja kutoka ukuta wa sakristia, na nguzo yenyewe imesimikwa ndani ya sementi juu ya mwamba. Aliyeipiga alikuwa Papa Donatien, mzee mwembamba mwenye kofia ngumu ya sufu aliyoivua kila mara kabla ya kupiga, kama anayeomba ruhusa. Alipiga kwa nondo fupi ya chuma: kwa misa, kwa maiti, na kwa mvua. Mapadri wa kwanza ndio waliotuachia desturi hiyo ya mvua. Mawingu yakianza kuwa meusi, janti ipigwe mpaka mvua ipite, ili wanawake walioko mashambani na watu wenye mitumbwi wajue kurudi. Kwa miaka ishirini na miwili Papa Donatien hakuwahi kukosa mvua hata moja.

Mwaka uliotangulia radi ilikuwa imepiga mkaratusi ulio nyuma ya kanisa wakati kwaya ikifanya mazoezi. Ilipasua ukuta, ikaua mbuzi wawili wa Padri waliokuwa wamejikinga pale chini. Wanakwaya walitoka wazima, lakini mama mmoja wa sauti ya kwanza hakuimba tena kwa mwezi mzima. Padri akaunda Komite ya Usalama. Rais wake nani? Msinicheke.

Niliandika kanuni zenye vifungu kumi na vinne. Milango yote ifunguliwe wakati wa misa. Ndoo za mchanga zikae karibu na altare. Mishumaa isikaribie vitambaa. Mtu asisimame chini ya mkaratusi wakati wa mvua. Vilikuwa vifungu vizuri, na mpaka leo sivionei haya. Havikuwa na kasoro ila moja: katika vifungu vyote kumi na vinne, hakuna mahali nilipomfikiria mtu anayesimama nje kwenye mvua kwa ajili yetu sote.

Taji la kazi yangu lilikuwa paratoneri: fimbo ya shaba juu ya paa ya kukamata radi, na waya mnene wa shaba wa kuishusha ardhini. Padri alipata waya huo kwa marafiki zake wa misheni, baada ya barua tatu. Aliniuliza unahitajika wa urefu gani. Nilipima mwenyewe, mbele ya watu, kwa utepe wa shule, nikatangaza Jumapili kwamba hautapotea hata sentimita moja. Na kweli haukupotea. Nilichosahau ni kwamba paa lina ukingo, na waya ukishuka hauruki hewani: unaufuata ukingo, unazunguka, unarudi ukutani. Kitu hicho hata jogoo wa Padri alikuwa anakijua, maana alilala chini ya ukingo huo kila siku.

Siku ya kuufunga, ncha ya waya ilifika kwenye kifua changu ikaishia hapo. Ilitakiwa iingie ardhini, ndani ya shimo refu lenye maji na makaa. Zilipungua mita tatu. Fundi alinitazama. Kuomba mita tatu nyingine kulikuwa ni kumwambia Padri, na kwaya, na parokia nzima, kwamba mwalimu wa fizikia hajui kupima nyumba. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaiona nguzo ya janti.

"Funga pale," nikasema. "Chuma ni chuma. Nguzo imeingia mu udongo."

Nguzo haikuwa imeingia katika udongo. Ilikuwa imeingia katika sementi kavu ya miaka ishirini. Nilijiambia kwamba sementi nayo ni aina ya udongo. Ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe, ningejipa sifuri.

Sasa lazima nimtaje mama mkwe wangu, Maman Godelive. Alikuwa amekuja kutoka Luhwindja kutibiwa magoti, akakaa kwetu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana sana: hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani moja kwa moja. Kwa hiyo yeye aliketi upande mmoja wa sebule, mimi upande mwingine, hatua tatu kati yetu, na mke wangu Delphine akapeleka maneno huku na huku, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikia kila kitu. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwa nimewahi kujua macho yake yana rangi gani.

Jumapili iliyofuata aliiona kazi yangu kanisani. Alasiri akasema:

"Delphine, uulize bwana yako. Ile moto ya radi, fimbo ikisha kuikamata kule juu, inaendaka wapi?"

"Mwambie Maman inaenda mu udongo," nikajibu.

"Umuulize inapitia wapi."

"Mwambie inapitia mu waya."

"Na kisha waya?"

Hapo nikavuta pumzi. Nilieleza elektroni, chaji chanya na chaji hasi, mawingu na msuguano. Nilichora kwa kidole juu ya meza. Nilimtaja hadi Mfaransa mmoja ambaye nina hakika hakuhusika. Nusu saa nzima. Maman Godelive alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti yake mabovu.

"Delphine, umuambie aksanti sana," akasema. "Lakini hajajibu."

Delphine hakulifikisha neno hilo. Alikwenda kuangalia chungu jikoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Mimi nilikasirika. Mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja, kutoka milima ambako watu bado wanaficha vioo mvua ikinyesha, ananiuliza mimi kuhusu radi.

Jumatano nilikuwa na darasa la mwaka wa nne. Somo lilikuwa umeme wa angani, na nani angeacha nafasi hiyo? Nilichora kanisa letu ubaoni, msalaba, fimbo, waya. Nikachora nguzo na janti. Wanafunzi wakaanza kutabasamu kwa kulitambua. Basi nikaongeza kichekesho: nikamchora Papa Donatien, miguu yake miwili myembamba, kofia mkono mmoja, nondo mkono mwingine. Darasa likacheka sana. Mimi hupenda sana darasa likicheka.

Halafu nikachukua chaki ya rangi ya njano niwaonyeshe njia ya radi. Nikaanzia winguni. Fimbo. Waya. Nguzo. Chaki ilipofika chini ikakutana na sementi, na sementi haipitishi. Ikarudi juu, maana lazima iende mahali. Janti. Nondo. Chaki ikasimama kwenye mkono wa Papa Donatien.

 Msichana mmoja wa dawati la mbele, Noëlla, akainua kidole.

"Citoyen professeur, na kisha inaenda wapi?"

Niliufuta ubao kwa kiganja. Nikawaambia wanakili ukurasa wa arobaini na moja kutoka kwenye kitabu, nikageukia dirisha. Nilikuwa nimejenga mtego, nikamweka ndani yake mzee wa watu, nikaupigia makofi.

Mtu mwema angetoka mbio saa ile ile. Mimi nilingoja kengele ya mwisho. Lakini nilikwenda, hilo naomba lihesabiwe. Nilimkuta Papa Donatien anafagia mbele ya sakristia. Aliacha kufagia, akavua kofia, akanitazama kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

"Papa Profesa, kuko kitu?"

Nilifungua mdomo. Wakati huo huo Padri Edouard akatokea mlangoni, barua mkononi, uso wake unang'aa. Jumapili, alisema, abbé Léopold, padri wa kutoka kwa askofu, atakuja kubariki paratoneri. Anataka parokia nyingine zijifunze kwetu. Baada ya komunyo mimi nitaitwa mbele nieleze kwa dakika tano.

"Kumi," nikasema.

Padri akacheka, akaingia ndani. Papa Donatien bado alikuwa amesimama na kofia yake mkononi.

"Hapana, Papa," nikamjibu. "Nilipita tu kukusalimia."

Nilijiambia Jumatatu. Ilikuwa mapema mwezi wa tisa, mbingu safi, mvua zenyewe bado siku kumi. Jumapili nisifiwe, Jumatatu nitafute mita tatu za shaba kimyakimya na kuchimba shimo, nani atadhurika? Hivyo ndivyo nilivyopanga uhai wa mtu, kama anayepanga siku ya kunyoa. Ijumaa nilishuka Nyawera sokoni. Sikununua shaba. Nilinunua rangi ya kijani, nikaipaka nguzo na ile sehemu ya waya iliyofungwa, ili mgeni akiona aseme ndivyo inavyotakiwa kuwa. Papa Donatien alinishikia kopo la rangi. Tulifanya kazi kwa saa nzima na hakuondoka. Nikadhani amependa rangi.

Jumapili nilivaa abakosti mpya, ile suti isiyo na tai tuliyovaa sote enzi hizo, ya rangi ya maziwa. Kanisa lilijaa hadi nje. Abbé Léopold alikuwa mtu mnene mpole aliyekaa kwenye kiti cha mikono karibu na altare. Mimi nilikaa mstari wa kwanza, maandishi yangu mfukoni. Sikusikia misa hata kidogo. Nilikuwa narudia sentensi zangu.

Wakati wa komunyo pakawa na giza. Milango yote ilikuwa wazi kwa amri ya kifungu changu cha kwanza, kwa hiyo niliweza kuona vizuri kabisa: wingu jeusi limesimama juu ya ziwa, linakuja kwetu. Ngurumo ikasikika mbali. Watu wakageuka kunitazama, wakatabasamu. Hawakuwa na hofu. Walikuwa na profesa.

"Na sasa," akasema Padri Edouard, "tumusikilize Papa Barthélemy."

Nilisimama mbele yao. Tone la kwanza likapiga bati, halafu mengine. Nikasema, "Ndugu waamini, usalama..." na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye kibenchi kilicho karibu na mlango wa sakristia. Ni mahali pa Papa Donatien. Kibenchi kilikuwa kitupu.

Sikumaliza sentensi. Niliruka ngazi za altare, nikakanyaga mguu wa abbé Léopold, nikatoka kwa mlango wa pembeni nikipiga kelele, "Papa Donatien, acha! Tupa chuma! Acha!" Mvua ilikuwa imeshamiri. Nikakata kona ya sakristia kwa viatu vipya vyenye soli laini, ardhi ikanikimbia, nikaenda kifudifudi kwenye tope jekundu kama gunia la mihogo. Nikainua kichwa. Nguzo yangu ya kijani ilikuwa mbele yangu, hatua sita hivi. Janti ilikuwa inaning'inia. Hapakuwa na mtu.

Ndipo kila kitu kikawa cheupe.

Sijui kama nilisikia mshindo au mshindo ulinisikia mimi. Nilipofumbua macho, rangi yangu ya kijani ilikuwa inatoa moshi, sementi imepasuka vipande viwili, na waya ulioshikilia janti umekatika kwa moto. Janti ilianguka juu ya sementi ikalia mara moja tu, peke yake, bila mkono wa mtu. Sauti hiyo niliisikia kwa meno. Baada ya hapo masikio yangu yakaziba.

Watu walimiminika nje kwenye mvua. Wakatazama paa: hakuna bati hata moja lililoguswa. Ukuta mzima. Nikaona midomo yao inafunguka, mikono inapiga makofi, akina mama wa kwaya wanaanza kucheza kwenye tope. Paratoneri imefanya kazi! Padri Edouard alinisimamisha, akanikumbatia pamoja na tope langu. Abbé Léopold, akichechemea, alinishika mkono na kusema kitu karibu na sikio langu, na kwa shida nikakipata: kwamba nilihisi radi kabla haijaja, nikakimbia kuwaokoa watu walioko nje. Macho yake yalikuwa na machozi.

Nitasema ukweli: nilitamani sana iwe hivyo. Tope lilikuwa limenifunika uso, na sijawahi kushukuru tope namna ile.

Nilipojipangusa nikamwona Papa Donatien. Alikuwa chini ya ukumbi wa mlango mkubwa, viatu vyake vikavu. Mkononi alikuwa na kile kikengele kidogo cha altare, na alikuwa anakitikisa kuelekea mashambani kwa nguvu zake zote, ingawa hakikuweza kufika hata kwenye migomba ya jirani. Kando yake alisimama Maman Godelive, amejiegemeza kwenye fimbo.  Nilikwenda hadi pale.

"Papa," nikasema, "nani alikuambia usipige janti?"

Papa Donatien alimtazama Maman Godelive. Nikamngoja Delphine aje kupokea maneno. Lakini mama mkwe wangu aliinua kichwa, akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, na hayakuwa na hasira, jambo ambalo lilinimaliza.

"Mutoto yangu," akasema polepole, akiona nasoma midomo, "tangu ile Dimanche, Jumapili ya kwanza, niliona waya yako inaishia pa ile nguzo. Nikamuambia huyu muzee asiiguse tena kama kuko mawingu. Tukasema: Barthélemy iko mutu ya masomo, tusimupatishe haya mbele ya batu. Tungoye aseme yeye mwenyewe."

"Mercredi, ile Jumatano, ulikuja," akasema Papa Donatien, naye polepole. "Niliona sura yako, nikasema leo atasema. Nikakuuliza, kuko kitu?" Akakiweka kikengele kifuani asiendelee kukitikisa. "Vendredi ukaleta rangi. Nikakushikia kopo. Nikasema, pengine leo. Siku ine tangu ile Mercredi, Papa Profesa. Tulikuwa tunangoya tu useme."

Hakulaumu. Alikuwa ananieleza tu. Nililia pale pale, mtu mzima, na mvua haikutosha kuficha.

Padri alikuwa ananiita nimalize hotuba yangu. Nilirudi mbele, tope hadi kwenye nywele, nikasema kwamba waya ulipungua mita tatu kwa sababu sikujua kupima, kwamba nguzo haikufika ardhini, kwamba nilijua tangu Jumatano, na kwamba kama Papa Donatien angekuwa amesimama mahali pake tungekuwa tunaosha maiti yake sasa hivi. Kwa sababu masikio yalikuwa yameziba, sikujua napaza sauti kiasi gani. Delphine anasema waliokuwa ziwani walisikia. Hakuna aliyepiga makofi. Abbé Léopold alikitazama kiatu chake. Mama mmoja wa kwaya alivua kitambaa chake cha kichwa, akaenda kumfunika Papa Donatien mabega, kama kwamba ndiye aliyenyeshewa.

Jumatatu nilichimba shimo. Nilichimba peke yangu, maana nilikataa msaada, kisha nikajuta kuukataa kuanzia kama saa nne. Padri aliandika barua nyingine, na baada ya wiki tatu mita tatu za shaba zikafika. Muda wote huo, kwa uamuzi wa komite ambayo sasa rais wake ni Papa Donatien, hakuna aliyekaribia nguzo. Waya ukashuka ndani ya shimo, ndani ya makaa na maji. Maman Godelive aliletewa kigoda akaketi kuangalia.

"Delphine," akasema, kwa maana heshima ilikuwa imerudi mahali pake, "uulize bwana yako. Sasa inaenda wapi?"

Nilikuwa ndani ya shimo, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu.

"Mwambie Maman: hapa."

"Umuambie sasa amejibu."

Janti tuliihamishia kwenye nguzo ya mti, upande mwingine kabisa wa uwanja, mbali na ukuta na mbali na shaba. Kifungu cha kumi na tano alikitunga Papa Donatien mwenyewe, mimi nikaandika tu: ngurumo ikisikika, mtu asiguse chuma, atume watoto wenye mbio wakawaite walioko mashambani kabla ya mvua, na yeye abaki ndani. Ni kifungu kifupi kuliko vyangu vyote na ndicho pekee ambacho watu wanakikumbuka.

Siku ya kuizindua janti mahali pake papya ilikuwa alasiri, kwa misa ya jioni. Watu wachache tu walikuwepo. Papa Donatien alivua kofia yake, akaokota nondo, akaitazama janti, akaitazama nguzo ya mti kutoka juu hadi chini kwenye udongo. Halafu akanigeukia, akaninyooshea ile nondo kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Anza wewe, Papa Profesa."

Nikaipokea. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja, kuanzia juu yetu hadi ng'ambo ya ziwa. Hata hivyo niliitazama tena ile nguzo, kutoka juu hadi chini kwenye udongo, kabla ya kupiga.